Kwenu Ni Wapi Hasa? Kaunti, Kata na Lile Swali la Chifu

 

Swali la safari hii tunaulizwa kwa namna nyingi, ila kiini chake ni kimoja. Baba anasema kwao ni Pwani. Kitambulisho chake kimeandikwa Kilifi. Nyanya naye hataji Pwani wala Kilifi. Yeye anasema Rabai, na ukizidi kumchimba anakwambia Ruruma. Sasa, kwetu ni wapi hasa?

Jibu fupi: wote wamesema kweli. Wako kwenye ngazi moja, ila kila mmoja amesimama kwenye daraja lake. Jibu refu ndilo la leo, na naomba usilichukue kama somo la jiografia la kukariri halafu usahau. Siku utakapotaka kitambulisho cha Kenya, karani hatakupima Kiswahili chako. Atakuuliza kata gani, kata ndogo ipi, chifu wa kwenu ni nani. Hapo ndipo wengi wetu tunapompigia mama simu, na kwa mama ni saa nane za usiku.

Mikoa minane ambayo wazee hawajaiacha

Wazazi wetu wengi waliondoka Kenya ya mikoa. Ilikuwa minane: Pwani, Kaskazini Mashariki, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Nairobi. Mkoa uligawanywa kwa wilaya, wilaya kwa tarafa, tarafa kwa kata (wengi husema lokesheni), na kata kwa kata ndogo. Mkoa ulikuwa na PC, wilaya ina DC, tarafa ina DO, kata ina chifu, kata ndogo ina naibu wa chifu. Wewe ukisikia wazee wanasema "DC alikuja", ujue alikuja mtu mkubwa.

Sikiliza hili sasa, manake ndilo linaloeleza mengine yote: katika watu hao wote, hakuna hata mmoja aliyepigiwa kura. PC aliteuliwa na rais, na amri ilishuka kutoka juu mpaka kwa chifu. Utaratibu huo ni wa kikoloni. Waingereza walitunga sheria ya viongozi wa vijiji mwaka 1902, wakawapa machifu kazi ya kukusanya kodi ya kibanda, kutafuta vibarua na kuweka watu kwenye mstari. Baadaye kikaja kipande: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na cheti chenye jina lake, kwao ni wapi, na kazi alizofanya. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Mpaka leo kuna Wakenya wanaoita kitambulisho "kipande", hata vijana ambao hawajui neno lilitoka wapi.

Kwa hiyo swali la "chifu wa kwenu ni nani" lina umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Lilianza kama njia ya serikali ya kujua mtu huyu ni wa wapi, na akitoroka arudishwe wapi.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, katiba ya kwanza ilijaribu njia nyingine, ile ya majimbo, ambapo kila jimbo lilikuwa na bunge lake. Chama cha KADU, ambacho kiongozi wake alikuwa Ronald Ngala wa Pwani, ndicho kilichoipigania. Haikudumu. Kufikia mwisho wa 1964 KADU ilikuwa imejivunja, Kenya imekuwa jamhuri, na mamlaka yamerudi Nairobi. Majimbo yakageuka mikoa, na PC akabaki palepale.

Kwa nini 47, si 40 wala 50?

Hapa kuna kichekesho kidogo. Wilaya zilikuwa zikizaana. Mwanasiasa akitaka kufurahisha watu wa mahali fulani, anawatangazia wilaya mpya, watu wanapiga makofi, DC mpya anapata gari na ofisi. Zikaongezeka mpaka zikapita 200. Lakini sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 1992 ilikuwa imetaja wilaya 46 tu, na Nairobi ya 47. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikasema waziwazi kwamba zilizo halali ni zile za sheria ya 1992, hizo nyingine zilitangazwa kinyume cha sheria.

Katiba mpya ilipoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, ramani hiyo ya 1992 ndiyo iliyogeuzwa kaunti 47. Yaani kaunti yako haikuchorwa upya na wataalamu. Ni wilaya ya zamani iliyopandishwa cheo na kupewa serikali yake.

Hii ndiyo sababu kitambulisho cha mjomba kinaweza kukuchanganya. Ukikuta kimeandikwa wilaya ya Malindi, usitafute kaunti ya Malindi, haipo. Malindi iko ndani ya Kilifi. Bondo iko ndani ya Siaya, na Gucha imerudi Kisii. Si mjomba aliyekosea. Kadi yake ilitolewa wakati wilaya hizo zilikuwapo.

Kaunti pia zina namba rasmi. Mombasa ni 001, Kwale 002, Kilifi 003, zinapanda hivyo kuzunguka nchi mpaka Nairobi, 047. Na hazilingani hata kidogo. Marsabit peke yake, au Turkana peke yake, ni kubwa kwa ardhi kuliko Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja, wakati Mombasa unaivuka kwa muda mfupi (foleni ya Likoni ikikuhurumia). Kwa watu, sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4 Nairobi, na Lamu haikufika laki moja na nusu. Hata hivyo kila moja ina gavana mmoja, na kila moja inachagua seneta mmoja.

Neno moja kwa ndugu walio Marekani, manake huko kwenu pia kuna kaunti. Kaunti ya Marekani iko chini ya jimbo. Ya Kenya haina jimbo juu yake. Ina gavana, ina bunge lake la kupitisha bajeti, na katiba inaitengea kaunti zote kwa jumla si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa hiyo Mkenya akisema "gavana wetu", usimfikirie yule wa Texas wala usimfikirie karani wa kaunti. Yuko katikati.

Ngazi mbili zimeegemea ukuta mmoja

Watu wengi wanadhani kaunti zilipokuja, machifu waliondoka. La. Katiba ilisema tu kwamba utawala ule wa mikoa urekebishwe ndani ya miaka mitano uendane na ugatuzi. Ukarekebishwa majina. Leo Kenya ina ngazi mbili kwenye ardhi ileile.

Ngazi ya kwanza ni ya kura. Juu kuna gavana. Kaunti ina maeneo bunge, kila moja na mbunge wake. Nchi nzima ni 290. Eneo bunge lina wadi, nchi nzima 1,450, na kila wadi inachagua MCA, ambaye magazeti humwita diwani au mwakilishi wadi. Huyo ndiye anayeketi katika bunge la kaunti.

Ngazi ya pili ni ya kuteuliwa, kutoka Nairobi. Yule wa kwenye kaunti anaitwa kamishna wa kaunti. Chini yake kuna naibu kamishna kwenye kaunti ndogo, ambaye watu bado wanamwita DC, halafu msaidizi wa kamishna kwenye tarafa, halafu chifu kwenye kata, halafu naibu wa chifu kwenye kata ndogo. Chini kabisa kuna mzee wa kijiji au mzee wa mtaa, na mpango wa nyumba kumi, ambapo majirani wa nyumba kama kumi hivi wanajuana na kuangaliana.

Turudi kwa familia yetu ya Rabai. Pwani ni mkoa wa zamani. Kilifi ni kaunti. Rabai ni mojawapo ya maeneo bunge saba ya Kilifi. Ruruma ni mojawapo ya wadi nne za Rabai. Baba, kadi na nyanya, wote wamo. Lakini karani wa kitambulisho hataki wadi. Anataka kata na kata ndogo, kwa sababu yeye ni wa ngazi ya pili. Wakati mwingine jina la wadi na la kata huwa moja, wakati mwingine hapana, na hapo ndipo watu wanapojaza fomu vibaya.

Kuna faida nyingine ya kuzitofautisha, nayo inahusu mifuko yetu. Sisi wa nje tunatuma pesa. Tunachangia kisima, dawa, paa la darasa. Ukijua nani anawajibika kwa nini, unajua pa kuuliza kabla ya kuchanga mara ya pili. Maji ya kijijini, zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya kijijini, soko, barabara ndogo na kilimo: hayo ni ya gavana na MCA. Polisi, shule za msingi na za sekondari, hospitali kuu za rufaa kama ile ya Kenyatta, uraia, vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa: hayo ni ya serikali ya kitaifa. Ukimlaumu gavana kwa sababu shule ya sekondari haina walimu, umegonga mlango usio wake. Ukimlaumu chifu kwa sababu zahanati haina dawa, vilevile. Na wenye milango wanapenda sana tukosee, manake kila mmoja anamsukumia mwenzake.

Kata si kata

Kwa wale ambao nyumbani ni Tanzania, angalieni neno hili lisiwaponze. Tanzania ina mikoa 31, 26 Bara na 5 Zanzibar. Kwa Bara, chini ya mkoa kuna wilaya, tarafa, kata, kisha kijiji au mtaa, na vitongoji. Zanzibar kuna shehia na sheha wake. Maneno yanafanana na ya Kenya, kumbe kazi zake si zilezile. Kata ya Tanzania ina diwani wa kuchaguliwa. Kata ya Kenya ina chifu wa kuteuliwa. Diwani wa Kilosa na diwani wa Kilifi ni kama wenzake, lakini wa Kilosa ana kata na wa Kilifi ana wadi. Mkenya na Mtanzania wakibishana kuhusu "kata" kwenye kundi la WhatsApp, mara nyingi hawabishani chochote. Kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Na nyinyi mlio Oman mnacheka tu, najua. Huko muhafadha ziko 11, chini yake kuna wilaya, na kila wilaya ina wali. Neno ni lilelile. Wilaya ya Kiswahili imetoka Kiarabu, na liwali wa pwani yetu ni al-wali huyohuyo. Ule ukanda wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar mpaka mwaka 1963, na hata Waingereza walipoleta ma-DC wao, maliwali na mamudiri waliendelea kukaa Mombasa, Malindi na Lamu. Kwa hiyo kijana wa Muscat ambaye babu yake alizaliwa Lamu anaweza kuulizwa wilaya yake mara mbili, katika nchi mbili, kwa neno moja.

Neno "kwenu" lina makali

Tumecheka, sasa tuseme lililo zito.

"Kwenu ni wapi" huulizwa kwa upendo. Mtu anakuuliza ili apate kujua kama mna undugu, kama anamjua shangazi yako, kama akusalimie kwa lugha ya nyumbani. Lakini swali hilohilo limewahi kutumiwa kama panga. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walifukuzwa kwenye nyumba walizozijenga kwa miaka mingi, wakiambiwa warudi kwao. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia. Wengi wao hawakuwa na "kwao" kwingine. Walikuwa wamezaliwa palepale walipofukuzwa.

Kuna pia walioishi bila ngazi yoyote. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani. Watoto wao wakazaliwa Kwale, wajukuu wakazaliwa Kwale, lakini vitambulisho hawakupewa. Bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti benki, huwezi kuajiriwa vizuri, hata laini ya simu unaisajilisha kwa jina la mtu mwingine. Oktoba 2016 walishika njia kutoka Kwale kwenda Nairobi kwa miguu kumwona rais, Uhuru Kenyatta, naye akaagiza waandikishwe. Wapemba wa pwani ya Kenya, wavuvi wengi wao, walisubiri mpaka 2023 ndipo wakatambuliwa rasmi. Hawa ni Waswahili wenzetu. Lugha walikuwa nayo, tena safi kuliko yangu na yako. Kilichokosekana ni mtu wa ngazi ya pili wa kusema: huyu ni wa hapa.

Sasa utaona kwa nini sipendi mtu anapoyaita mambo haya "urasimu tu". Ramani ya utawala inaamua nani anahesabiwa. Na ramani hiyohiyo, tukiishika vibaya, inageuka ukuta wa kuwazuia wengine. Katiba ya 2010 imesema kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote Kenya. Kaunti ni anwani. Si mali ya kabila, hata kama wanasiasa wanaipigia debe hivyo kila baada ya miaka mitano.

Na sisi tuko wapi kwenye orodha?

Kwa sheria, tuko karibu kuliko tunavyodhani. Ikiwa mama yako au baba yako alikuwa raia wa Kenya siku uliyozaliwa, wewe ni raia wa kuzaliwa, hata kama ulizaliwa Birmingham au Sharjah. Na tangu 2010, raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua pasipoti ya nchi nyingine.

Kwa kura, tuko mbali kidogo. Mkenya aliyejiandikisha nje anapiga kura ya rais peke yake. Hakuna gavana, hakuna seneta, hakuna MCA. Na kwenye orodha ya tume ya uchaguzi, ile iliyoanza na Mombasa 001 ikaishia Nairobi 047, kuna mstari mmoja unaofuata: 048, Diaspora. Kaunti isiyo na ardhi, isiyo na bajeti, isiyo na chifu. Ndiyo yetu sisi.

Wengine wanaipenda hiyo 048, wanasema inatosha. Mimi naiona kama nusu ya anwani. Nusu nyingine iko kwenye vichwa vya wazee wetu, na vichwa hivyo havitukai milele. Vitambulisho vya zamani, ukivigeuza nyuma, vimeandikwa mistari minne: wilaya, tarafa, kata, kata ndogo. Hayo majina manne mara nyingi hayako mahali pengine popote ndani ya nyumba yako. Nyanya akifariki na kadi ikapotea, hata gugo haitakwambia kijiji chake kilikuwa chini ya chifu gani.

Basi kazi ya nyumbani ni hii, na haihitaji nauli. Mpigie mzee mmoja wiki hii. Baada ya salamu, salamu zote, usiruke hata moja, muombe atoe kitambulisho chake na akusomee upande wa nyuma. Andika majina yote kama anavyoyatamka. Kisha muulize maswali matatu: zamani hapo paliitwaje, chifu wa utoto wake alikuwa nani, na mto au mlima ulio karibu unaitwaje. Majina ya serikali hubadilika, ya mito hudumu. Halafu tafuta wewe mwenyewe: leo mahali hapo ni kaunti gani, eneo bunge gani, wadi gani.

Ukipata majina yote, kutoka kaunti mpaka kata ndogo, tuandikie hapa chini. Tunataka kuona ngapi kati ya zile 47 zina mtu wake miongoni mwetu. Na ukigundua kwamba kwenu na kwetu ni kata moja, usiseme sana. Njoo tu tuhesabu undugu.

Mpaka wakati mwingine, kwaherini.